Mizani Mkononi Kutoka Mbagala Hadi Kampala: Safari ya Kupima Umaskini wa Nishati Jikoni

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurejea Dar es Salaam, nikitumia daftari langu, picha za mizani tulizopiga kila tulipopima, na risiti chache za nauli zilizosalimika. Safari ilikuwa ya kikazi. Mimi na mwenzangu wa utafiti tulikuwa tukilijaribu dodoso moja la umaskini wa nishati, yaani hali ya familia kushindwa kumudu nishati inayoihitaji, katika Tanzania, Kenya na Uganda, ili tujue kama swali lile lile kuhusu gharama ya kupikia linapima jambo lile lile kila linapoulizwa. Majina ya waliotufungulia majiko yao nimeyaacha, kwa kuwa ndivyo tulivyoahidiana nao.

Kwa atakayetaka kufanya kazi ya namna hii, vibali vya utafiti vianze mapema, miezi kadhaa kabla ya nauli. Tanzania utavipata COSTECH, Kenya NACOSTI, na Uganda UNCST, ambazo ni taasisi za taifa za sayansi, na kila moja ina masharti yake kuhusu maadili ya utafiti. Hata ukiwa navyo vyote, usiingie nyumbani kwa mtu kabla ya kupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa chifu na mzee wa mtaa ukiwa Kenya, au kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ukiwa Uganda.

Jumatatu, 8 Septemba 2025: Mbagala, Dar es Salaam

Tulianzia karibu na nyumbani, katika nyumba ya mama anayeishi na watoto wanne na mdogo wake wa kiume, ambako tulikuwa tumeshapima mkaa tangu Ijumaa. Njia yenyewe ni rahisi lakini inadai uvumilivu: asubuhi unapima nishati yote iliyopo ndani, kesho yake saa ile ile unapima iliyobaki pamoja na iliyonunuliwa, nawe unarudia hivyo kwa siku tatu au zaidi mfululizo, huku ukiandika waliokula ni nani na nani. Mtoto wa chini ya miaka 15 huhesabiwa nusu ya mtu mzima na mwanamke sehemu nane za kumi, jambo ambalo mama mwenye nyumba hakulipenda hata kidogo, nami nilimweleza kwamba ni kanuni ya zamani inayohusu kiasi cha chakula na wala haipimi thamani ya mtu.

Yeye hununua mkaa kwa kopo. Tuliomba ruhusa ya kupima makopo ya wauzaji wawili wa mtaa huo huo, nao wakakubali kwa moyo mweupe. Kopo la shilingi 2,000 la muuzaji wa kwanza lilikuwa na kilo 1.3. La muuzaji wa pili, hatua chache mbele, halikufika kilo moja, kwa kuwa kitako chake kilikuwa kimebonyea kwa ndani. Gunia tulilopima kwenye stoo ya jumla lilikuwa la shilingi 75,000, na ndani yake mlikuwa na kilo 62. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kununua gunia alilipa kama shilingi 1,200 kwa kilo, ilhali anayenunua kwa kopo alilipa kati ya 1,500 na zaidi ya 2,000 kwa mkaa wa aina ile ile.

Hesabu ya gesi inaumiza zaidi. Kilo moja ya mkaa ina nishati ya takribani megajuli 29, lakini kwenye jiko la kawaida kama robo tu ndiyo inayofika kwenye sufuria. Kilo ya gesi ina kama megajuli 45, na zaidi ya nusu yake hufika. Hivyo kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu na nusu hivi za mkaa. Kujaza mtungi wa kilo 6 hapo mtaani kulikuwa shilingi 24,000, yaani 4,000 kwa kilo, wakati mkaa wa kopo wenye kazi sawa na hiyo ulikuwa ukigharimu zaidi ya 5,000. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, hayo nayajua. Elfu mbili naipata kila siku. Elfu ishirini na nne siipati siku moja.”

Nililiandika neno lake pembeni mwa dodoso, kwa kuwa dodoso halikuwa na mahali pake.

Jumatano, 10 Septemba: Dar es Salaam hadi Tanga

Basi liliondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, saa moja asubuhi, kwa nauli ya shilingi 20,000. Mizani yetu ya kuning'iniza ilimtia shaka mkaguzi wa mizigo, lakini kondakta alipoelewa kazi yake aliifunga kwa gazeti na kuiweka chini ya kiti chake mwenyewe, akisema kitu kinachopima haki ya watu hakifai kukaa na magunia. Kuanzia Wami kwenda Segera magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, yamefungwa vichwa kwa majani. Abiria kadhaa waliomba basi lisimame wanunue, dereva akakataa kwa kuwa mkaa usio na kibali humletea matatizo kwenye vizuizi.

Tulikaa Segera karibu saa mbili kwa sababu ya mpira uliotoboka. Machungwa ya Muheza, yaliyomenywa tayari, yalitusaidia kusubiri. Tanga tulilala nyumba ya wageni ya Ngamiani kwa shilingi 25,000 kila mmoja, chai na chapati zikiwemo.

Ijumaa, 12 Septemba: kijiji kimoja cha wilaya ya Mkinga

Nyumba tuliyopelekwa na mwenyekiti wa kijiji ina bibi mmoja, binti yake na wajukuu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hatujaeleza shida yetu tulikuwa tumeshapewa madafu. Nyumba ina umeme, uliounganishwa kwa shilingi 27,000 kwa mpango wa vijijini, lakini unawasha taa na kuchaji simu tu. Jikoni ni mafiga matatu na kuni.

Tulipofika kwenye swali la matumizi ya fedha kwa nishati ya kupikia, jibu lilikuwa sifuri. Kwa kipimo kinachogawanya gharama kwa kipato, bibi huyu hana umaskini wowote wa nishati, na ndiye mwenye nafuu kuliko wote tuliowatembelea. Binti yake huenda kuni mara tatu kwa wiki, na safari tuliyokwenda naye ilituchukua saa tatu kwenda na kurudi. Mzigo aliojitwika ulikuwa na kilo 24, na kipima unyevu kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kuni zile zilikuwa mbichi, yaani sehemu ya moto ingeishia kukausha kuni zenyewe huku moshi ukijaa ndani. Mfumo wa ngazi uliotolewa mwaka 2015 chini ya Benki ya Dunia, ambao humpanga mtumiaji wa nishati kwa ubora wa huduma anayoipata, kuanzia ngazi ya 0 hadi ya 5, unalihesabu jambo hili: ngazi ya juu kabisa inataka muda wa kutafuta na kuandaa nishati usizidi nusu saa kwa wiki. Binti wa bibi anatumia saa tisa, kabla ya kupasua.

Nimewahi kusikia ikisemwa mikutanoni kwamba kuni za kuokota ni za bure. Baada ya kurudi na mzigo ule siwezi tena kuikubali kauli hiyo ikipita bila kujibiwa.

Jumamosi, 13 Septemba: Horohoro, Lunga Lunga, Likoni

Gari dogo kutoka Tanga hadi Horohoro lilikuwa shilingi 5,000. Taratibu za kutoka Tanzania na kuingia Kenya hufanyika katika kituo kimoja, na Mtanzania hahitaji viza, ila awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi kwa kuwa huweza kuulizwa. Badilisha fedha kidogo tu mpakani, za kukufikisha mjini. Matatu ya kutoka Lunga Lunga hadi Likoni tulilipa shilingi 500 za Kenya kila mmoja. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka huu, na mkalimani aliyetusaidia Mkinga angeweza kuuliza maswali yale yale Kwale bila kubadilisha neno, kwa hiyo majibu yakitofautiana, tofauti hiyo haitokani na lugha.

Jumapili na Jumatatu, 14 na 15 Septemba: Likoni, Mombasa

Mwenyeji wetu hapa ni mama mjane anayeuza samaki wa kukaanga jioni. Jikoni kwake tulikuta makaa, vifuu vya nazi vilivyokaushwa juani, na chupa ya mafuta taa ya kuwashia. Vifuu huvipata kwa jirani anayekuna nazi, bila malipo, na moto wake ni mkali, ila hauwezi kutegemewa kila siku. Tulipima vyote, kila kimoja peke yake.

Jambo lililotushughulisha zaidi halikuwa jikoni. Asubuhi zote mbili familia ilikula mbaazi na mahamri vya kununua kwa jirani. Alipoulizwa kwa nini hapiki mwenyewe, mama alijibu kwamba kuwasha jiko kwa chai tu ni kuyatupa makaa, na mbaazi zinataka moto wa saa nyingi. Sehemu ya gharama ya nishati ya nyumba hii, kwa hiyo, imo ndani ya bei ya mahamri, na dodoso letu lilikuwa linaiandika kwenye safu ya chakula.

Feri ya Likoni haitozi waendao kwa miguu. Epuka kuvuka kuelekea kisiwani kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu asubuhi ukiwa na mizigo, maana msongamano ni mkubwa. Kijana mmoja aliiona mizani yetu, akaibeba hadi ng'ambo, na alikataa hata shilingi 50 ya soda.

Jumanne, 16 Septemba: treni ya Mombasa hadi Nairobi

Daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Tiketi hununuliwa mapema kwa simu, na kituo kiko Miritini, mbali na mji, kwa hiyo hesabu nauli na muda wa kufika huko na wa ukaguzi wa mizigo.

Safari ya treni ilikuwa tulivu, nami niliitumia kurudia historia ya kipimo tunachokibeba. Mwaka 1991 mtafiti wa Uingereza, Brenda Boardman, alipendekeza kwamba nyumba ihesabiwe kuwa na umaskini wa nishati ikiwa inalazimika kutumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili ipate nishati ya kutosha. Namba hiyo ilitoka kwenye takwimu za matumizi za mwaka 1988: nyumba ya kati ilitumia kama asilimia 5, na zile asilimia 30 za nyumba zenye kipato cha chini zaidi zilitumia takribani asilimia 10. Ni namba ya nchi moja, ya mwaka mmoja, ya watu ambao hofu yao kubwa ni baridi. England yenyewe imeiacha. Baada ya tathmini ya John Hills ya mwaka 2012 walibadili kipimo, na mwaka 2021 wakabadili tena, sasa wakiangalia kama nyumba ina daraja la D au chini yake katika matumizi bora ya nishati, na kama kipato kinachobaki baada ya kulipia nishati kinaiangusha familia chini ya mstari wa umaskini. Scotland, kwa sheria ya mwaka 2019, imebaki na asilimia 10 lakini ikaongeza sharti kwamba kinachobaki kisitoshe maisha yanayokubalika. Nchi za Umoja wa Ulaya huuliza pia, katika utafiti wa kila mwaka wa kipato na hali ya maisha, kama familia inamudu kuipasha nyumba joto la kutosha.

Waliochukua asilimia 10 na kuileta kwetu wameliacha njiani neno lililo muhimu kuliko namba. Boardman alihesabu gharama inayohitajika, siyo iliyotumika. Uingereza hukadiria fedha ambazo nyumba ingelazimika kutumia ili sebule ifike nyuzi 21 na vyumba vingine nyuzi 18, hata kama wenyewe wameamua kukaa na makoti ndani. Sisi tunauliza, “Mmetumia shilingi ngapi?” Kwa swali hilo anayejinyima huonekana ametosheka, na bibi wa Mkinga huonekana tajiri. Kama kuna kitu cha kuazima kutoka kwao ni hicho: kwanza tukubaliane familia inahitaji kupika nini kwa siku, halafu tupime moto wa mapishi hayo unagharimu kiasi gani, kwa fedha na kwa saa.

Jumatano hadi Ijumaa, 17 hadi 19 Septemba: Mukuru, Nairobi

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya hutumia kuni kama nishati kuu ya kupikia, asilimia 23.9 gesi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Ni takwimu za kuheshimiwa, lakini swali la nishati kuu lilitupa shida tangu nyumba ya kwanza ya Mukuru. Katika chumba kimoja cha mabati tulikuta mtungi wa kilo 6, stovu ya mafuta taa na jiko la makaa, na vyote vilikuwa na majivu, masizi au alama za matumizi ya wiki ile ile. Gesi ni ya chai na mayai. Makaa ni ya ugali mkubwa wa Jumapili. Mafuta taa hununuliwa ya shilingi 50 gesi inapoisha katikati ya mwezi.

Mama wa nyumba ile, mwenye kumbukumbu iliyonistaajabisha, alitusimulia jinsi alivyohamahama kadiri bei zilivyobadilika, nami nilipolinganisha maelezo yake na sheria za kodi vilikubaliana. Gesi iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, na kufutwa tena Julai 2023. Mafuta taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kwa nia ya kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Kila badiliko hapo lilihamisha sufuria yake kutoka moto mmoja hadi mwingine. Aliongeza kwamba miezi ya Juni na Julai, baridi ya Nairobi inapokaza, baadhi ya majirani huingiza jiko lenye makaa chumbani usiku, na watu wamekufa kwa hewa yake. Kwa hiyo joto la nyumba nalo ni letu, hasa huku juu.

Nje ya mlango wake anakaa mwanamke anayeuza githeri, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, pamoja na maharagwe matupu yaliyochemshwa tayari, kwa kikombe. Foleni yake ya saa kumi na moja jioni ni ndefu. Tulimwuliza mwenyeji wetu kama amewahi kuchemsha maharagwe mwenyewe, akasema, “Sufuria moja inakula gesi ya siku nzima. Nikinunua kikombe, wamekula, na gesi iko.” Tulijaribu: nusu kilo ya maharagwe ambayo hayakulowekwa, kwenye mtungi uliopimwa kabla na baada, ilitumia karibu gramu 300 za gesi, sehemu moja ya ishirini ya mtungi mzima. Yaliyolowekwa usiku kucha yalitumia pungufu kwa zaidi ya theluthi, lakini kuloweka kunataka ujue leo kwamba kesho utakuwa na moto.

Chakula tulichokula Mukuru kilikuwa kile kile cha foleni, shilingi 60 na chapati moja. Tembea na mwenyeji anayefahamika, na usipige picha ya jiko la mtu bila kumwomba hata kama alishakubali kuhojiwa.

Jumamosi na Jumapili, 20 na 21 Septemba: Nairobi, Busia, Kampala

Basi la usiku, shilingi 3,000 za Kenya. Busia tulifika alfajiri na tulisubiri muda mrefu kwa sababu ya foleni ya malori. Bibi mmoja wa Kiganda aliyekuwa kiti cha mbele alitugawia ndizi za kuchoma na kutukataza kubadilisha fedha kwa kijana aliyekuwa akituita, ushauri uliokuwa sahihi.

Jumatatu hadi Jumatano, 22 hadi 24 Septemba: Bwaise na Kalerwe, Kampala

Hapa Kiswahili chetu kilifika sokoni na kwa askari, lakini majikoni tulihitaji Kiganda. Dereva wa bodaboda aliyetupeleka siku ya kwanza alijitolea kukaa nasi na kutafsiri, na tulipomlipa alirudisha nusu, akieleza kwamba mama yake pia anapikia sigiri, yaani jiko la mkaa, na angependa mambo haya yaandikwe.

Matoke yanayopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hukaa motoni kwa saa nyingi, na familia nyingi tulizozitembelea huyapika mwisho wa wiki tu. Wauzaji wa Kalerwe walitueleza kwamba mkaa wao sasa unatoka sehemu nyingine na kwa bei ya juu, tangu amri ya Rais ya Mei 2023 ipige marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi.

Umeme ndio ulionifunza zaidi Kampala. Wateja wa majumbani hulipa shilingi 250 za Uganda kwa kila uniti katika zile 15 za kwanza za mwezi, kisha bei hupanda, na kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 hushuka tena ili kuwavutia watu kupikia umeme. Tanzania ni kinyume: uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi kwa mteja wa matumizi madogo, na zinazozidi ni 350 kila moja. Kenya nafuu huishia uniti 30 kwa mwezi. Hivyo mpishi anayeanza kutumia umeme Mbagala anaadhibiwa pale pale ambapo mwenzake wa Kampala anapunguziwa, ila huyu wa Kampala lazima kwanza alipie uniti za katikati kwa bei kamili. Katika nyumba tulizopima Bwaise hakuna iliyokuwa imefika uniti 80 mwezi uliopita. Ulinganisho wa nchi kwa bei ya wastani ya uniti hauwezi kuliona jambo hili, kwa hiyo dodoso linalohitaji ukweli lazima liulize uniti ngapi, kisha bei ipigwe ngazi kwa ngazi.

Kurejea

Tulirudi kwa basi kupitia Mutukula, Bukoba na Mwanza, safari ndefu isiyo na tukio. Dodoso tumeshalibadilisha. Swali la nishati kuu limeondolewa, na badala yake kila moto uliopo ndani unaandikwa na kupimwa. Tumeongeza ukubwa wa kipimo kinachonunuliwa na uzito wake halisi, saa za kutafuta kuni, vyakula vinavyonunuliwa vikiwa vimeshapikwa, na vyakula ambavyo familia imeacha kuvipika kwa sababu ya moto. Kwa kila eneo tunaandaa sasa mapishi ya siku moja yatakayotumika kukadiria gharama inayohitajika: ugali na maharage kwa Mbagala na Mukuru, wali wa nazi na samaki kwa Pwani, matoke na mchuzi wa karanga kwa Kampala. Wenyeji wetu ndio waliotutajia viwango vyake, na nyumba zile zile zitapimwa tena wakati wa masika, mkaa unapolowa na makopo yanapopanda bei.